Oksalisi kwenye nyasi za nyumbani Nakuru: lijue kabla hujachukua jembe

Mvua kubwa ya Machi na Aprili ikishaloweka ardhi ya Nakuru wiki mbili tatu, simu yangu huanza kupokea picha. Wengi wanaozituma ni watu wetu wa Pwani waliohamia huku kwa kazi, biashara au ndoa, wamepangisha nyumba Kiamunyi, Naka au Lanet, na kwa mara ya kwanza wana uwanja wa nyasi mbele ya mlango. Picha hufanana. Pana zulia la kijani, na katikati yake mabaka ya majani yaliyogawika matatu matatu, ncha zimebonyea kama mkia wa samaki, na hapa na pale vijiua vya rangi ya waridi. Ujumbe nao hufanana: "Ndugu yangu, gugu hili nililichimba lote mwaka jana. Mwaka huu limerudi maradufu. Ninunue dawa gani?"

Limerudi maradufu kwa sababu lilichimbwa. Nilisomea kilimo cha bustani kwa kiwango cha diploma, na katika magugu ya majani mapana yanayoingia kwenye nyasi za nyumbani huku Bonde la Ufa, hili ndilo ninaloona likiwatia watu hasara kuliko mengine: fedha za kibarua, fedha za dawa isiyofanya kazi, na wakati mwingine ugomvi na jirani. Ndiyo maana nimeona niliandikie peke yake.

Jina lake la kitaalamu ni Oxalis latifolia. Hapa nitaliita oksalisi ya waridi. Asili yake ni Mexico na nchi za joto za Amerika, na lilisambaa duniani kwa sababu watu walilipenda kama ua la bustani. Leo liko nyanda za juu za Kenya, Uganda na Tanzania, mashambani na majumbani. Watoto wa huku hulijua kwa uchachu wake tu. Hulichuma wakitoka shule na kulitafuna. Kwetu Pwani uchachu huo si mgeni. Mbirimbi, ule mti unaotupa birimbi za achari na za kuungia samaki, ni wa ukoo uleule wa mimea, na ukali unaokufanya ufumbe macho unapouma birimbi unatokana na asidi ileile iliyomo kwenye majani haya, asidi ya oksaliki. Kwa hiyo ukiliona gugu hili Nakuru, ujue umekutana na jamaa wa mbali wa mti wa nyumbani kwenu.

Nakuru inalifaa sana. Jiji hili liko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, usiku ni baridi, na udongo wake mwingi umetokana na majivu ya volkano: mwepesi, haushikani, unapitisha maji haraka. Mitaa mingi mipya imejengwa juu ya yaliyokuwa mashamba ya mahindi na maharagwe, na gugu lililokuwa shambani halikuhama shamba lilipogawanywa kuwa viwanja. Nyasi zenyewe nazo ni tofauti na tulizozoea. Pwani tuna ukoka. Huku mwenyewe ni nyasi za Kikuyu, nene, zinazotambaa juu na chini ya ardhi, ambazo kwao ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na kutoka hapa zimesafirishwa hadi Afrika Kusini, Australia na Marekani. Ni nyasi zenye nguvu kweli. Zikitunzwa vizuri zinaweza kulibana gugu hili zenyewe, na hilo ndilo tegemeo kubwa la yote nitakayosema.

Majani matatu, mimea mitatu

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha unachokiona ni nini. Kuna mimea mitatu ya majani matatu ambayo watu huichanganya kila siku, na kila mmoja unataka kutendewa vingine.

Oksalisi ya waridi haina shina juu ya ardhi. Kila jani linatoka moja kwa moja udongoni kwa kikonyo chake kirefu na chembamba. Juu ya kikonyo jani limegawika vipande vitatu vipana, karibu na umbo la pembetatu, na ncha ya kila kipande imebonyea katikati. Maua yana petali tano, ya waridi au zambarau hafifu, yamekusanyika machache machache juu ya kikonyo kinachopita majani kwa urefu. Fukua kwa kidole taratibu, utakuta kitunguu kidogo chenye maganda ya kahawia. Wakati wa mvua chini ya kitunguu pana mzizi mnene, mweupe, wa majimaji, kama karoti changa. Ukiona kitunguu hicho, hakuna tena haja ya kubishana.

Ya pili ni oksalisi ya manjano, Oxalis corniculata. Hii inatambaa. Shina lake ni jembamba na huota mizizi kila kifundo kinapogusa udongo. Majani ni madogo, ya umbo la moyo, mengine yana wekundu wa damu ya mzee, na maua ni ya manjano. Baada ya maua huja vitumba vilivyosimama wima mfano wa bamia ndogo sana. Vikikomaa ukivigusa vinapasuka na kurusha mbegu, hata mita moja au zaidi. Haina kitunguu. Hii hata Mombasa ipo. Tazama vyungu vya maua vilivyo barazani kwako, kuna uwezekano mkubwa utaikuta.

Ya tatu si oksalisi kabisa. Ni klova, jamaa ya kunde na maharagwe. Vipande vyake vya jani ni vya mviringo kama yai, havina ule mbonyeo wa moyo, na mara nyingi vina alama nyeupe hafifu katikati. Ua lake ni mkusanyiko wa vijiua vingi vidogo, vyeupe au vyenye waridi kwa mbali, uliojifunga kama kitufe. Nyanda za juu za Kenya zina klova yake ya asili, Trifolium semipilosum, ambayo imekuwa ikiota pamoja na nyasi za Kikuyu tangu kabla ya mtu yeyote kufikiria kuzikata kwa mashine. Mizizi yake ina vinundu vya bakteria wanaochukua naitrojeni kutoka hewani, na sehemu ya naitrojeni hiyo huishia kwenye nyasi. Yaani ni mbolea inayojiotea. Mimi siing'oi, na namshangaa anayelipa mtu aing'oe kisha akanunua mfuko wa mbolea. Jambo moja tu la kuangalia: nyuki huipenda. Kama watoto wanacheza pekupeku, ikate kabla haijachanua.

Kwa mtu mwenye haraka, angalia ncha ya jani. Ikiwa imebonyea, ni oksalisi. Ikiwa ya mviringo, ni klova. Au toka nje baada ya Magharibi: majani ya oksalisi yatakuwa yamejikunja kuelekea chini kama mwavuli uliofungwa, ya klova yamejikunja kwenda juu. Usitumie njia ya kuonja, hasa kwenye uwanja wa nyumba ya kupanga ambao hujui mpangaji aliyetangulia alinyunyizia nini.

Kinachoendelea chini ya udongo

Mvua ya kwanza inapoingia, kitunguu mama huamka na kutoa majani. Kwa wiki chache za mwanzo mmea unakula akiba iliyomo ndani ya kitunguu, nacho kinanywea. Huo ndio wakati ambao gugu hili ni dhaifu kuliko wakati wowote. Halafu majani yakifika manne au matano hivi, mambo yanageuka. Mmea unaanza kutoa vikonyo vifupi chini ya ardhi, na kwenye ncha ya kila kimoja kinakaa kitunguu kichanga. Msimu ukiisha mmea mmoja unaweza kuwa umezaa vitunguu zaidi ya kumi. Vingine ni vidogo kama punje ya mtama, na vimeshikilia kwa uzi tu. Ukivuta majani, kinachokuja mkononi ni majani, pengine na kitunguu mama. Watoto wote wanabaki. Gugu hili huku kwetu halitegemei mbegu kuenea, linategemea vitunguu hivyo.

Kiangazi kikiingia majani yanakauka na mwenye nyumba anaona limekwisha. Chini, vitunguu vimelala vikisubiri mvua.

Sasa mlete kijana wa kibarua mwezi wa Mei, gugu likiwa limechanua, ambao ndio wakati watu wengi wanaliona na kuamua kuchukua hatua. Anapiga jembe katikati ya baka. Kila pigo linavunja kichane cha vitunguu na kuvitawanya. Akimaliza anasawazisha udongo kwa reki, na hapo anavivuta hadi sehemu ambayo haikuwa na kitu. Magugu yaliyong'olewa anayarundika kwenye kona, na baada ya miezi sita rundo hilo hilo linaitwa mbolea na kurudishwa bustanini. Kwa macho kazi imekuwa safi. Kwa hesabu ya vitunguu, amepanda.

Mama mmoja wa Kilifi aliyekuwa akikaa Naka alilipa vibarua namna hiyo misimu mitatu mfululizo. Alipoingia kwenye nyumba ile, baka lilikuwa na ukubwa wa msala wa kuswalia. Alipohama lilikuwa limefika getini, na mwenye nyumba akamkata fedha za amana kwa madai kwamba ameharibu nyasi. Nilipomweleza habari ya vitunguu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nawalipa wanipandie." Kwa anayepanga nyumba Nakuru ningeshauri picha za uwanja zipigwe siku ya kuingia, na ikiwezekana zipigwe tena mvua ya kwanza ikinyesha, kwa sababu wakati wa kiangazi hakuna atakayeliona gugu hili, wala wewe wala mwenye nyumba.

Baka likiwa dogo

Kama baka ni la msala mmoja au miwili, unaweza kulitoa kabisa, lakini kwa kuchekecha. Subiri majani yatokeze, usisubiri maua. Pigia vigingi kuzunguka baka, ukiongeza hatua moja kila upande. Kata nyasi zilizo ndani ya vigingi kwa sepetu na uzitoe pamoja na mizizi yake; usizikung'ute ili uzipande tena, maana vitunguu vimejificha humo humo. Kisha chimba udongo hadi sentimita 20 au 25 na uupitishe wote kwenye wavu wa kuchekechea mchanga.

Wavu huo unapatikana kwa fundi yeyote wa ujenzi. Chukua ule wa matundu madogo wanaotumia kwa mchanga wa plasta. Ule wa kokoto hauna faida, vitunguu vichanga vinapita. Udongo uwe na unyevu kidogo tu, ukilowa sana utagandamana. Hapa ndipo wakazi wa Nakuru wana bahati: udongo wa majivu ya volkano unapita kwenye wavu kama unga. Kazi hiyo hiyo kwenye udongo wa mfinyanzi singemshauri mtu aijaribu.

Vinavyobaki juu ya wavu, yaani mawe, mizizi na vitunguu, visiende kwenye rundo la mbolea. Vitie kwenye mfuko wa nailoni, ufunge, uuache juani wiki kadhaa, kisha upeleke kwenye taka. Rudisha udongo uliochekechwa, panda vipande vya nyasi za Kikuyu kutoka sehemu safi ya uwanja baada ya kuviosha mizizi, na kwa miaka miwili kila mvua ikianza pita hapo na kisu kidogo. Kitakachochomoza kitakuwa kimoja kimoja, nacho utakitoa na bonge lake la udongo.

Likiwa limeenea

Uwanja ukishajaa, sahau jembe. Hapo kazi ni kulinyima chakula gugu na kuilisha nyasi, na inachukua misimu miwili hadi mitatu. Anayetaka uwanja safi kabla ya Idi hatapenda kusikia hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Kulinyima chakula maana yake ni kulikata majani kabla hayajafika manne, tena na tena. Kila mara mmea unapopoteza majani unarudi kwenye akiba ya kitunguu kutoa mengine. Ukikata mara moja kwa wiki kwa mwezi mmoja na nusu wa kwanza wa mvua, vitunguu vingi vitaishiwa kabla ya kuzaa. Kata chini kabisa usawa wa udongo kwa kisu au mkasi, usivute. Ni kazi ya kukaa kwenye kigoda, na watoto wakubwa wanaweza kuifanya vizuri kuliko mtu mzima mwenye mgongo.

Upande wa nyasi, kosa linalofanyika sana Nakuru ni kukata fupi mno. Mtu amelipa kufyekewa, basi anataka aone amefyekewa. Nyasi zinanyolewa hadi udongo unaonekana, na mwangaza unaoingia hapo ndio oksalisi inaoungoja. Acha urefu wa sentimita 5 hivi. Kata mara nyingi zaidi, kila mara kidogo. Panga la kufyekea lililo butu hung'oa badala ya kukata, kwa hiyo mwambie kijana alinoe kwanza.

Halafu mbolea. Nyasi za Kikuyu ni walafi wa naitrojeni. CAN inayouzwa kila duka la agroveti inatosha: gramu 20 kwa mita moja ya mraba, yaani kilo 2 kwa uwanja wa mita 10 kwa 10. Rusha nyasi zikiwa kavu siku ambayo mvua inakaribia, au mwagilia mara moja, la sivyo zitaungua. Rudia msimu wa pili. Mvua za Nakuru hazifuati sana masika na vuli tulizozoea Pwani. Kubwa ni ya Machi hadi Mei, lakini Agosti nayo huleta mvua ya kutosha, na Novemba kidogo. Mimi hutia mbolea Aprili na Agosti. Mahali penye klova nyingi napunguza nusu.

Chini ya mti mkubwa au nyuma ya ukuta mrefu, mambo ni mengine. Nyasi za Kikuyu hazipendi kivuli na haziwezi kushinda hapo hata ukizilisha vipi. Acha kupigania nyasi. Tandaza maboksi ya karatasi ngumu yakiingiliana, mwaga vipande vya mbao au kokoto juu, na uyaongeze yakioza. Nailoni nyeusi pia hufanya kazi ikikaa msimu mzima wa mvua. Ile ya kuanika udongo kwa nailoni inayoonyesha, ambayo watu huiona kwenye video za nchi za jua kali, siitegemei hapa: joto la Nakuru halifiki chini vya kutosha kuiva vitunguu vilivyolala sentimita 15.

Oksalisi ya manjano ni rahisi zaidi. Ing'oe kwa mkono siku moja baada ya mvua, udongo ukiwa laini, ukifuata shina hadi kwenye mzizi wa katikati, kabla vitumba havijasimama. Kama vimeshasimama, vifunike kwa kiganja unapong'oa na utie kwenye mfuko pale pale. Kusanya nyasi zilizokatwa na mashine badala ya kuziacha uwanjani, maana mashine husambaza mbegu vizuri kuliko upepo.

Kuhusu dawa

Nimeiacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayoulizwa kwanza. Ukienda kwenye agroveti ukasema una gugu la majani mapana kwenye nyasi, mara nyingi utapewa 2,4-D. Ni dawa ya zamani, wakulima wa ngano na mahindi wanaijua, na ni kweli huua majani mapana mengi na kuacha nyasi. Lakini oksalisi huihimili. Majani yatajipinda, utafurahi wiki mbili, kisha vitunguu vitatoa mengine. Klova yako, iliyokuwa ikikulishia nyasi bure, ndiyo itakayodhurika. Baya zaidi ni mvuke na matone yake. Maharagwe, nyanya, viazi na mizabibu hudhurika kwa kiasi kidogo sana kinachopeperushwa na upepo, na alasiri za Nakuru zina upepo. Viwanja vya huku ni vya futi 50 kwa 100, na upande wa pili wa ua kuna mtu ana mistari yake ya maharagwe anayoitegemea kwa githeri ya watoto. Dini yetu imetilia mkazo haki ya jirani kiasi ambacho sihitaji kumweleza msomaji wa safu hii. Majani ya nyanya yakianza kujikunja kama vidole vya mkono uliofungwa, jirani atajua yametoka wapi.

Dawa ya pili utakayopewa ni glaifoseti. Hii huua kila chenye kijani, nyasi zikiwamo. Itakuachia kiraka cheupe, na cha kwanza kuota kwenye kiraka hicho kitakuwa oksalisi kutoka kwenye vitunguu vilivyokuwa vimelala siku ya kunyunyizia. Umemwondolea mshindani. Ipo pia triklopia, ambayo nchi za nje hutumika dhidi ya oksalisi kwenye nyasi za aina nyingine, lakini hiyo hudhoofisha nyasi za Kikuyu zenyewe. Kuna mahali inanunuliwa kwa kazi hiyo hasa. Kwa nyasi za Kikuyu zenye oksalisi ya waridi, basi, dawa si njia ninayoishauri.

Chumvi nayo nimeulizwa. Itaua gugu, nyasi, na udongo wenyewe kwa muda mrefu. Maji ya moto huunguza majani na hayafiki kwenye vitunguu.

Kama una gugu jingine linalohitaji dawa kweli, nunua chupa iliyofungwa, yenye lebo na nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosimamia dawa hizi, na usome kama lebo inataja nyasi. Usikubali kupimiwa kwenye chupa ya soda. Watoto wamedhurika kwa chupa hizo. Pampu ya dawa ya magugu iwe ya kazi hiyo peke yake, kwa kuwa mabaki yaliyomo yanatosha kuharibu nyanya zako mwenyewe ukiitumia baadaye. Na ukumbuke maji ya mvua yanapokwenda. Mji huu umeinama kuelekea Ziwa Nakuru, ziwa lisilo na mto wa kutokea, ambalo mwaka 1990 lilikuwa la kwanza Kenya kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za umuhimu wa kimataifa. Kinachoingia mle hakina njia ya kutoka.

Mifugo, watoto na safari ya Mombasa

Nyasi zinazokatwa majumbani Nakuru hazitupwi. Hupewa ng'ombe, kondoo na sungura. Oksalisi chache zilizochanganyika na nyasi nyingi hazina neno. Lakini asidi iliyomo hushika kalisi mwilini, na mnyama mwenye njaa, hasa kondoo, akila rundo la oksalisi tupu anaweza kuugua vibaya. Mtoto akitafuna majani mawili matatu hatadhurika. Mwenye maradhi ya figo ajiepushe nayo, kama anavyopaswa kujiepusha na juisi ya birimbi.

Mwisho, tulizuie lisiingie. Linasafiri ndani ya udongo: lori la udongo wa kusawazishia, samadi iliyokwanguliwa pamoja na ardhi ya zizi, vipande vya nyasi vya kupandwa, miche ya vitalu vya kando ya barabara, hata jembe la kibarua aliyetoka kuchimba kwa mtu mwingine. Jembe lioshwe getini. Nyasi za kununua, omba uone shamba zilikotoka wakati wa mvua, kwa sababu kiangazi kila shamba linaonekana safi. Kisha pindua kipande, uvunje udongo wa chini kwa vidole, utafute vitunguu.

Na kwa wale wanaopakia maua ya Naivasha na Nakuru kwenye basi kumpelekea mama Mombasa au Malindi: kabla ya safari, toa mche kwenye kopo lake, kung'uta udongo, osha mizizi kwenye ndoo hadi uione myeupe, na upande kwenye udongo mwingine. Maji ya ndoo chuja kwa kitambaa cha kuchujia tui, na kitakachobaki kitambaani kitie kwenye mfuko wa taka huku huku Nakuru.